Namsomea binti wa kaka riwaya ya Kiingereza kwa Kiswahili, kaka anasema namharibu. Naombeni ushauri

Shangazi wa Chumbageni

Habari za jioni wanajamvi. Nakaa na binti wa kaka yangu hapa Tanga, ana miaka 14, yuko Kidato cha Pili. Ni msomaji hasa, lakini wa katuni za Kijapani tu. One Piece anaijua utadhani kazaliwa ndani ya ile meli. Siku ya kwanza kunionyesha nilianzia upande wa kushoto, akanishika mkono: "Shangazi, hivi vinafunguliwa kama juzuu." Tangu hapo tunasoma wote. Mchoraji wake, Oda, alianza kuichora 1997 na hajamaliza hadi leo, na kuna kurasa mle zimenitoa machozi.

Mimi nimezama kwenye riwaya za fantasia, hasa hizi mpya zenye Afrika ndani yake, nikawa natafuta ya kumpa. Nilianza na Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi (2018). Inakwenda mbio, sura fupifupi, wasimulizi watatu wanapokezana. Niliipenda mpaka mapenzi ya Zélie na Inan yalipopikwa harakaharaka. Mtu anakuwinda juzi, leo unamwonea huruma, kesho unampenda? Sikubali. Black Leopard, Red Wolf ya Marlon James niliifunga mapema nikaipandisha juu ya kabati. Ina nguvu, ila damu iliyomo si ya kumwachia mtoto.

Kisha nikapata The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, iliyotoka 2021. Jamani! Binti anaitwa Aisha, baba yake mvuvi kapotea baharini, naye anapanda chombo cha mifupa kwenda kumtafuta, akiongozwa na paka anayesema. Huko ndani anamkuta Baba wa Papa, na jina limeandikwa hivyohivyo kwa Kiswahili katikati ya Kiingereza. Nilisoma nikasikia harufu ya ng'onda.

Nikampa. Siku ya tatu akanirudishia: "Kiingereza chake kigumu, Shangazi." Hakusingizia, kile ni Kiingereza cha kishairi, kinakunjwa na kukunjuliwa. Basi baada ya isha tukawa tunakaa barazani, mimi natazama Kiingereza, mdomo unatoa Kiswahili. Babu yake, aliyekuwa fundi wa mashua Pangani, hulala chumba cha mbele, dirisha wazi. Usiku mmoja tumefika kwenye kile chombo cha mifupa, nikasema "mbavu za chombo". Sauti ikatoka ndani: "Mataruma! Chombo hakina mbavu, kina mataruma!" Binti akaingia kumuuliza, na mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo, je? Mzee akaomba kipande cha mkaa, akamchorea chombo kizima kwenye sakafu ya saruji, mkuku, mataruma, mpaka mlingoti. Kusoma kukaishia hapo usiku ule. Tangu siku hiyo binti ndiye anayeniita tusome.

Wiki iliyopita kaka kaja kutoka Dar, akatukuta. Kasema mtihani wa Kidato cha Pili ni Novemba na unaandikwa kwa Kiingereza, mimi namtafunia kila kitu, atajifunza lini? Na tena hadithi za majini usiku, za nini? Nilikosa jibu. Niendelee, nimwache apambane mwenyewe, au nimpe kitu chepesi kwanza?

Mwalimu wa Zamu

Dada, kaka yako ana hoja, usiipuuze. Nafundisha Kiingereza sekondari. Watoto wamesoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili, halafu Kidato cha Kwanza wanatupwa kwenye kina kirefu. Ila usiache. Badilisha mpangilio tu. Leo msomee sura kwa Kiswahili, kesho yeye akusomee kurasa mbili za sura hiyohiyo kwa Kiingereza, kwa sauti. Kisa anakijua tayari, kwa hiyo kinachobaki ni kuyazoea maneno. Apige mstari kwa penseli maneno matano, basi. Yakizidi, kitabu kinageuka adhabu.

Kalamu na Wino

Mimi ningeanza na katuni, maana jicho lake limeshazoea. Tafuta Iyanu: Child of Wonder, imeandikwa na Roye Okupe wa Nigeria, imechorwa na Godwin Akpan. Ilianza kutoka 2021, na 2025 ikawa filamu ya katuni ya mfululizo. Maneno ni machache na picha zinabeba maana, kwa hiyo Kiingereza hakimtishi. Rangi za Akpan ni za kukaa nazo. Kisa chenyewe ni cha kawaida kidogo, mtoto yatima anagundua ana uwezo wa ajabu, tumeshakisoma mahali pengi. Lakini binti wa miaka 14 atajiona mle.

Bint Kisiwani

Kalamu, sikubaliani nawe kabisa. Mtoto kashafika katikati ya bahari unamrudisha ufukweni? Shangazi endelea. Mimi nimesoma House of Rust mara mbili. Mara ya kwanza niliona Aisha akirudi nyumbani hadithi inalegea. Mara ya pili ndipo nilipoona kwamba pale ndipo penye kazi yenyewe, msichana ameshaiona bahari kuu halafu watu wanataka atulie nyumbani. Msomee taratibu hapo, usiruke.

Na Marlon James usimtupe moja kwa moja. Moon Witch, Spider King (2022) inarudia mambo yaleyale kwa mdomo wa Sogolon, yule bibi kizee, na kwangu ni bora kuliko ya kwanza. Soma wewe, mtoto asubiri akue.

Nahodha Mstaafu

Huyo babu ndiye mwalimu wenu. Mkimaliza, mtafutieni The Adventures of Amina al-Sirafi ya Shannon Chakraborty (2023). Nahodha mwanamke wa karne ya 12, kaacha uharamia, goti linamuuma, ana binti wa kulea, halafu bahari inamwita tena. Aden, Mogadishu, Sokotra, njia zetu za kaskazi na kusi. Nahodha anasimulia na mwandishi wake anamkatiza kama tunavyokatizana barazani. Wewe pitia kwanza, kuna sehemu za wakubwa.

Mjukuu wa Vibambani

Kuhusu majini, mwulize kaka yako kama amesoma Adili na Nduguze. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga hiyohiyo, ameweka mle jini, na ndugu wawili waliogeuzwa manyani. Wazee wetu walisomeshwa wakakua salama. Msomee binti hicho pia, usiku mmoja mmoja, Kiswahili chake kisipungukiwe wakati Kiingereza kinapanda.

Shangazi wa Chumbageni

Nawashukuru mno, Mungu awalipe. Njia ya Mwalimu tumeianza jana. Kapiga mstari maneno saba, akakataa kuyapunguza. Bint Kisiwani, nimekuelewa, sitaruka. Iyanu nitaiagizia Dar, na Amina nitajisomea mwenyewe.

Babu anataka tumfikishe kwa Baba wa Papa kabla ya Ijumaa. Ijumaa kaka anarudi, na mzee ameshasema kiti chake kiwekwe barazani, cha kaka kando yake.