Kijana wangu anagoma dawa za akili, nimchanganyie kwenye uji? Naombeni ushauri

mama_wawili:
Habari za usiku wakuu, saa nane hii niko sebuleni maana yeye halali na mimi silali. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 17, alikuwa bweni kidato cha tatu, shule wakanipigia nikamchukue eti kawa mkorofi haogi anaongea peke yake. Kufika namkuta kakonda, ananiambia mama wenzangu wananitilia kitu kwenye chakula. Nyumbani ndo ikawa balaa, TV kaifunika na kanga yangu anasema mtangazaji wa taarifa ya habari anamtaja jina.

Tulianza kwa mganga, baba yake alisema ni majini (ya upande wetu sisi eti), laki tatu na mbuzi zikaenda hola. Ndo nikampeleka hospitali, wakampa haloperidol. Siku ya tatu shingo ikapinda ikaangalia begani, macho yakapanda juu, jamani nilijua ananifia. Baba yake akazitupa chooni, unaona, majini yamekataa dawa ya kizungu.

Nimenunua nyingine kimyakimya ila anagoma. Jirani anasema nisage niweke kwenye uji. Kuna aliyewahi? Matusi sitaki, ya mawifi yananitosha.

Mzee_Kigoda:
Bangi hizo. Mpime mkojo.

mama_wawili:
Walimpima mzee wangu, hamna kitu.

nesi_wa_zamu:
Pole mama. Shingo kupinda si majini, ni dawa yenyewe inakaza misuli, huwapata zaidi vijana wa kiume na mara nyingi ni siku hizohizo za mwanzo. Ikitokea unamkimbiza hospitali, anachomwa sindano shingo inarudi, halafu anapewa kidonge kinaitwa Artane ameze sambamba. Ulitakiwa uambiwe siku ya kwanza, hapo kosa ni letu sisi. Mrudishe ueleze kama ulivyoeleza hapa, daktari anaweza kupunguza dozi au kumbadilishia, ipo risperidone, ipo olanzapine (hiyo sasa andaa unga, atakula mpaka ushangae). Hizo ulizonunua usimpe kwa kukadiria. Na akianza kusema anataka kufa au sauti zinamtuma aumize mtu usingoje tarehe ya kliniki, nenda usiku huohuo, sumu ya panya na vidonge vyote ndani ya nyumba funga.

Sasa uji. Mtoto anaamini anatiliwa kitu kwenye chakula halafu wewe kweli umtilie?

baba_Shani:
Mimi nilifanya mama, nilimwekea binti yangu kwenye chai. Akaona unga mweupe umebaki chini ya kikombe. Hakusema neno, alikitazama tu akakirudisha mezani taratibu. Toka siku ile ikawa ni mayai ya kuchemsha na ndizi, vitu vyenye ganda anavyomenya mwenyewe, miezi miwili aisee.

Kilichotusaidia ni kuacha kubishana. Akisema sauti zinamtukana mimi nilikuwa najibu hakuna sauti hapa wewe, tunagombana mpaka majirani wanatoka nje. Daktari akanifundisha niseme mimi siisikii mwanangu ila naona inavyokutesa, jana ulilala kweli? Alikubali dawa kwa sababu alichoka kukesha, si kwamba alikubali anaumwa, mpaka leo hakubali lol. Siku hizi anachomwa sindano ya mwezi, vidonge tumeachana navyo.

Mtumishi_01:
Mpeleke kwenye maombi dada, dawa ni biashara.

nesi_wa_zamu:
Maombi yaendelee mtumishi, na dawa iendelee.

shangazi_wa_Kange:
Baba mtu mwingize chumba cha daktari asikie mwenyewe. Ukimweleza wewe ni maneno ya mke, akielezwa na mwenye koti jeupe ni habari nyingine. Hela ikigoma ulizia ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitalini, usirudi mikono mitupu.

mama_wawili:
Asanteni, uji nimeacha. Asubuhi nimemuuliza utakula nini kasema chochote, nimempa yai na ganda lake, kala mawili. Jumatatu tunarudi kliniki, baba yake hajasema kama anakuja. Nesi, hiyo Artane naiomba kwa jina hilohilo?

nesi_wa_zamu:
Sema tu shingo ilipinda, atajua. Na taja siku, ya tatu.