Kwa nini kinga ya mgonjwa wa TB ya mapafu hupigana bila kushinda?

Mwalimu wa Baiolojia, Tabata

Mdogo wangu amegundulika kuwa na kifua kikuu cha mapafu na ameanza dozi ya miezi sita. Majirani wanatushauri tumnunulie unga na vidonge vya kuongeza kinga, kwa hoja kwamba asingeugua kama kinga yake ingekuwa imara. Nilipojisomea nilikuta jambo lililonichanganya, yaani damu ya wagonjwa wa TB imejaa ishara za kinga, ikiwemo intaferoni, na kipo kipimo cha damu kinachotegemea ishara hiyo. Kama seli zake zinaitana kiasi hicho, kwa nini bakteria hawafi? Na je, tununue huo unga?

Mtaalamu wa Maabara, Upanga

Mwalimu, pole sana kwa kuuguza. Bakteria wa TB akivutwa na hewa hukutana kwanza na makrofaji, seli kubwa zinazolinda vifuko vya hewa vya mapafu. Kwa kawaida kinachomezwa na seli hizi hufungiwa ndani ya kifuko, kisha kifuko hicho huungana na kingine chenye asidi na vimeng'enya ili kilichomo kisagwe. Bakteria huyu huzuia muungano huo, akaishi na kuzaana ndani ya seli ileile iliyopaswa kumuua.

Hapo ndipo msaada huhitajika. Seli za dendriti hubeba vipande vya bakteria hadi kwenye tezi za limfu na kutoa intalukini 12, ishara ambayo huzielekeza seli T za CD4, yaani seli nyeupe za damu zinazoratibu kinga, zitengeneze intaferoni gama, na intaferoni hiyo huzipa makrofaji nguvu ya kuua walichokimeza. Umuhimu wa njia hii tunauona kwa watoto wachache wanaozaliwa na kasoro katika vipokezi vya ishara hizo mbili, kwani wanaweza kuugua vibaya hata kutokana na chanjo ya BCG.

Ugumu ni kwamba wito huo huchelewa. Seli T huchukua wiki kadhaa kujitokeza, na muda huo wote bakteria wanaongezeka. Tena, ishara nyingine huupinga: intalukini 10 hupunguza ukali wa makrofaji, na intaferoni za aina ya kwanza, ambazo hutufaa sana dhidi ya virusi, huweza kudhoofisha kazi ya intaferoni gama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu wagonjwa wa London na Afrika Kusini ulionyesha kuwa alama za intaferoni hutawala damu ya wenye ugonjwa, hasa katika seli ziitwazo neutrofili, na kwamba hupungua mgonjwa anapotibiwa. Kwa hiyo wingi wa ishara ulioukuta haumaanishi kwamba kinga inashinda.

Ishara ninayoiona kuwa na funzo kubwa kuliko zote ni TNF. Hii ndiyo inayosaidia seli kujikusanya na kuwazingira bakteria katika kivimbe kiitwacho granuloma. Ikizuiwa, kivimbe hulegea. Mwaka 2001 iliripotiwa kwamba baadhi ya watu waliotibiwa kwa infliximab, dawa inayoizuia TNF na inayotumika kwa baridi yabisi, walipata TB. Ikizidi nayo, seli hufa ovyo na tishu huharibika, huku mgonjwa akipata homa na kukonda. Hata yale mashimo yanayoonekana kwenye eksirei huchimbwa kwa sehemu kubwa na vimeng'enya vya mwili wenyewe. Basi, ukisema unataka kuongeza kinga, ni ishara ipi unayotaka kuiongeza? Unga huo msinunue.

Muuguzi wa Kliniki ya TB, Temeke

Nakubaliana na mtaalamu, ila kwa wenye VVU upungufu wa seli za CD4 ni tatizo la kweli, wala tusilipuuze. Hata hivyo, baadhi yao wakianza ARV huku wakitibiwa TB, homa na uvimbe wa tezi huzidi kwa muda, kwa sababu kinga iliyorejea inawashambulia bakteria kwa kishindo. Ndugu wengi hudhani dawa zimemdhuru mgonjwa na kumwachisha, ilhali anapaswa kuletwa kliniki upesi.

Kinga inaweza kufundishwa, lakini kabla ya ugonjwa. Hapa Dar es Salaam utafiti wa DarDar ulioanza mwaka 2001 uliwahusisha watu takriban 2,000 wenye VVU waliokuwa na kovu la BCG, na waliopewa chanjo ya Mycobacterium vaccae iliyouawa, bakteria wa jamii moja na yule wa TB, walipata TB iliyothibitishwa kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 39. Mdogo wako, Mwalimu, mpeni chakula cha kutosha na mhakikishe hakosi dozi hata siku moja.

Mwalimu wa Baiolojia, Tabata

Nawashukuru kwa dhati, na fedha ya unga tutanunulia mayai na maharage. Limebaki moja: kile kipimo cha intaferoni kinaweza kutuonyesha kwamba amepona?

Mtaalamu wa Maabara, Upanga

Hapana, Mwalimu. Kipimo hicho huonyesha tu kwamba seli T zimewahi kumtambua bakteria, nacho hakitenganishi maambukizi yaliyolala na ugonjwa wenyewe. Mara nyingi hubaki chanya hata baada ya matibabu kukamilika. Maendeleo yake yatafuatiliwa kwa kupima makohozi kwa darubini, kwa uzito wake na kwa hali yake, hivyo apeleke makohozi kila tarehe anayopangiwa na kliniki, hata kama kikohozi kimekwisha kupungua.