Masaji inatibu kweli au ni starehe tu? Mgongo na shingo vinanimaliza

MkaaKitini

Habari zenu wakuu. Naombeni mawazo maana nimechoka. Kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta kutwa nzima, sasa hivi mgongo wa chini unauma, shingo imekaza mpaka kugeuza kichwa ni shughuli, ikifika jioni ndio balaa kabisa. Dawa za maumivu nimekunywa mpaka nimezichoka, zinatuliza kidogo halafu zikiisha nguvu tunarudi palepale. Hospitali walinipima wakasema mifupa iko salama, ni misuli tu, nibadilishe ukaaji na nifanye mazoezi.

Sasa wifi yangu amenishikilia niende nikachuliwe. Anasema masaji inatoa sumu mwilini, inashusha presha, inayeyusha mafuta ya tumbo, inaongeza kinga, yani hakuna isichofanya, na mimi nikisikia kitu kimoja kinatibu kila kitu ndio kwanza wasiwasi unaniingia. Mume wangu naye kwa upande wake anasema hiyo ni starehe tu, mtu unalipa upapaswe ulale.

Naomba kujua ukweli uko wapi kati ya hawa wawili. Halafu lazima iumize? Kuna rafiki yangu alitoka huko na michubuko mgongoni, alipolalamika akaambiwa ndio dalili kwamba imefanya kazi.

---

GotiLaChuma

Dada nenda usiulize mara mbili, utakuja kunishukuru. Mimi nakimbia mbio ndefu na bila masaji ningeshaacha zamani. Baada ya mbio misuli inajaa asidi ya laktiki, ile ndio inakufanya kesho yake ushindwe kushuka ngazi, sasa mchuaji anaisukuma yote inatoka unabaki mwepesi. Na mimi napenda ile ya nguvu, kama hulii hapo bado hujachuliwa 😂

---

FizioMtulivu

Pole dada. Mimi fiziotherapia ndio kazi yangu kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo, mtanivumilia.

Nianze na mkimbiaji hapo juu. Hiyo ya laktiki tumeimbishwa wote ila haiko hivyo. Ukimaliza mazoezi laktiki inaondoka yenyewe ndani ya saa moja hivi, hata ukikaa zako tu. Yale maumivu ya kushuka ngazi kama bibi kizee yanatokana na nyuzi za misuli kuumia kidogokidogo na mwili kuanza kuzikarabati, ndio maana yanakuja kilele kati ya saa 24 na 72 wakati laktiki ilishaondoka siku nyingi. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwaendesha vijana baiskeli mpaka wakachoka kabisa, wakawachua mguu mmoja kwa dakika 10 wakauacha wa pili, kisha wakachukua vipande vidogo vya misuli kutoka miguu yote miwili. Laktiki haikuwa na tofauti. Ila mguu uliochuliwa ulikuwa na ishara chache za mwako ule unaokuja misuli ikiumia. Kwa hiyo nafuu anayoisikia jamaa ipo, sababu yake tu sio hiyo anayoisema.

Kwa mgongo na shingo sehemu kubwa ya kazi inafanyika kwenye neva. Ukijigonga kiwiko mkono wa pili unakimbilia wenyewe kusugua, hakuna aliyekufundisha. Ule msuguo unapeleka taarifa za mguso kwenye uti wa mgongo, zikifika pale zinazibania njia taarifa za maumivu zisipande zote kwenda kwenye ubongo. Melzack na Wall waliandika nadharia hiyo mwaka 1965, na ingawa mambo yameongezeka sana tangu hapo, wazo lenyewe bado lina uhai. Halafu kuna neva nyingine za ngozi zinazopenda mguso wa polepole, kama sentimita 3 hivi kwa sekunde, hizo zinahusika na ile hali ya kutulia mpaka mtu anakoroma mezani. Misuli iliyokuwa imejikaza kwa kuogopa maumivu inapata ruhusa ya kulegea, unageuza shingo, unashangaa.

Sasa ubaya wake ni kwamba ruhusa hiyo ni ya muda. Chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kwenye mwongozo wao wa 2017 waliiweka masaji kati ya vitu visivyo dawa vya kujaribu kwanza kwa maumivu ya mgongo ambayo bado ni mapya, pamoja na kupasha joto. Lakini ukisoma tafiti zilizokusanywa pamoja utaona nafuu inaonekana zaidi kipindi kifupi, baada ya miezi kadhaa tofauti inafifia, na tafiti zenyewe nyingi sio imara sana. Ndio maana mimi nikimchua mtu simwachi aondoke hivihivi. Ukishalegea ndio muda mzuri wa kufanya mazoezi ambayo jana yalikuwa yanakushinda, kwa hiyo ile nafuu itumie, usiende nayo kitandani moja kwa moja. Daktari wako kukwambia mazoezi hakukosea, na kama utalazimika kuchagua kimoja chagua mazoezi.

---

MbishiMstaarabu

Nakubaliana na fizio, mimi nataka kushughulika na wifi.

Sumu gani? Kila nikiuliza nitajiwe jina la hiyo sumu hata moja tu naambiwa "uchafu uchafu". Uchafu wa mwilini una wenyewe, ini na figo, wanafanya kazi usiku na mchana bila kupakwa mafuta. Ile kunywa maji mengi baada ya masaji "ili sumu zitoke" we kunywa kama una kiu, utakachotoa ni mkojo.

Mafuta ya tumbo nayo hayakamuliki. Mafuta ni akiba, yanapungua mwili ukiyatumia, kuyaminya ni kuyasumbua tu.

Presha inaweza kushuka kidogo ukiwa umelala pale umetulia, kama inavyoshuka ukipumzika vizuri, ila mtu asije akaacha vidonge vyake kwa sababu amechuliwa. Hapo ndio masihara yanapoua watu.

Kwenye stresi nawapa nusu. Wanasema inashusha kotisoli, homoni ya stresi, mapitio ya tafiti yaliyotoka 2011 yakaonyesha punguzo lenyewe ni dogo mno. Lakini watu kusikia wasiwasi umepungua hilo limeonekana mara nyingi, na sioni kwa nini mume wa dada aite "starehe tu" kitu kinachomfanya mtu alale usingizi. Usingizi nao ni afya.

---

BintiWaKwanza

Samahani naingilia uzi. Mama yangu ana siku kadhaa anaumwa mguu, ni mmoja tu huo, umevimba kwenye kigimbi na ukiugusa una joto. Alikuwa amelala kitandani muda mrefu kwa ajili ya upasuaji. Namchua jioni lakini analia maumivu. Nitumie mafuta gani?

---

NesiWaZamu

BintiWaKwanza ACHA KUCHUA. Usimchue tena, usimsugue, usimwekee chochote, mpeleke hospitali leo, sio kesho. Mguu mmoja kuvimba, joto, maumivu ya kigimbi, na ametoka kwenye upasuaji alikuwa amelala tu bila kutembea, hiyo inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Ukiminya bonge linaweza kukatika likasafiri mpaka kwenye mapafu. Akianza kubanwa pumzi, kifua kuuma au kukohoa damu hiyo ni dharura, usisubiri foleni ya kawaida. Inaweza pia ikawa sio hiyo, lakini hicho kitaamuliwa na kipimo.

Na wengine mjifunzie hapo, mguu uliovimba ghafla haupakwi mafuta kabla haujaonwa.

Nikiwa hapahapa niongeze. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini waseme mapema, maana mkono mzito unawaachia madoa ya damu chini ya ngozi. Wenye mifupa iliyodhoofika kwa umri vilevile, mbavu inaweza kuvunjika kwa kuegemewa tu. Usichue penye kidonda, jipu, ngozi yenye maambukizi, wala mtu mwenye homa. Wajawazito wengi wanaweza kuchuliwa lakini walale ubavu, tumbo liachwe, na miguu isiminywe kwa nguvu kwa sababu ujauzito wenyewe unaongeza uwezekano wa damu kuganda.

Sio kwamba naipinga, msinielewe vibaya. Wodi ya watoto njiti tumefaidika nayo sana. Mwaka 1986 Tiffany Field na wenzake walichapisha utafiti, vichanga wale walipapaswa na kunyooshwa viungo dakika 15 mara 3 kwa siku kwa siku 10, wakaongezeka uzito asilimia 47 zaidi ya wenzao. Na wagonjwa wa saratani pia, kwenye hospitali ya Memorial Sloan Kettering New York waliwafuatilia wagonjwa 1,290 na maumivu, uchovu, wasiwasi na kichefuchefu vilipungua karibu nusu mara baada ya kuchuliwa. Masaji haikutibu saratani, hakuna aliyesema hivyo, na uvimbe wenyewe hauguswi. Ila mtu kupata masaa machache ya kupumua sio kitu kidogo, muulize anayeumwa.

---

BintiWaKwanza

Asante nesi, tunatoka sasa hivi.

---

MkaaKitini

Jamani mama apone 🙏 Nilikuwa sijui hata kidogo kama kuna hatari ya namna hiyo.

Fizio bado hujanijibu kuhusu kuumia. Halafu niende mara ngapi? Maana mara moja kwa mwezi nadhani ndio nitaweza.

---

GotiLaChuma

Mi nasimama na ile ya nguvu. Kila mtu na mwili wake 😅

---

FizioMtulivu

GotiLaChuma mwili wako ni wako, lakini mtu anayeanza asikuige. Kuna maumivu fulani ya kuridhisha, unaminywa unasema "hapohapo", unaendelea kupumua kawaida. Hayo hayana shida. Ukianza kubana pumzi, kukunja vidole vya miguu na kukaza mwili kujikinga, basi mchuaji anapigana na misuli yako badala ya kuilegeza. Michubuko maana yake vimishipa vidogo vya damu vimepasuka, sio cheti cha ubora. Na ikitokea mtu amechuliwa kwa nguvu sana kisha mkojo ukawa rangi ya chai nzito aende hospitali, ni nadra lakini misuli iliyopondwa inaweza kuzielemea figo.

Kuhusu mara ngapi, kuna utafiti wa Marekani wa 2014 kwa watu wenye maumivu sugu ya shingo, waliochuliwa dakika 60 mara 2 au 3 kwa wiki kwa wiki 4 ndio waliopata nafuu ya maana, wale wa dakika 30 hawakuonyesha tofauti kubwa na ambao hawakuchuliwa kabisa. Sasa sio kila mtu ana muda na hela ya hivyo, najua. Ndio maana ningekushauri uzikusanye mwanzoni, wiki chache zinazofuatana huku ukianza mazoezi, kuliko kuzitawanya moja kila mwezi mwaka mzima. Na kila nusu saa simama kwenye hicho kiti, hata kama ni kwenda dirishani na kurudi.

Ukisikia ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani, mkojo unakataa au unatoka wenyewe, au mguu unakosa nguvu, hiyo sio ya mchuaji, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ukifika kwa mchuaji angalia kama anakuuliza maswali kabla hajakugusa, unatumia dawa gani, una ugonjwa gani, umewahi kuvunjika. Asiyeuliza kitu anakwenda kukisia juu ya mwili wako. Akitaka kukuzungusha shingo kwa ghafla ili ilie "ko" kataa, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inapita hapo na watu wameshapata kiharusi kwa mchezo huo. Na ukimwambia punguza mkono akakujibu vumilia, vaa nguo zako uondoke.