Ushauri: Wiki ya 14 baada ya kuhamishiwa kano, nitajuaje kama upasuaji umefanikiwa?

Cherehani: Wakuu, habari zenu. Nilivunjika mfupa wa mkono juu ya kiwiko, neva ya radiali (ile inayoinua kiganja na kunyoosha vidole) ikaumia, kiganja kikawa kinaning'inia. Nilisubiri zaidi ya mwaka bila nafuu, ndipo nikahamishiwa kano, yaani kano za misuli iliyo mizima zikaunganishwa zifanye kazi ya ile iliyopooza. Gango nimeshavua, nipo kwenye mazoezi. Kiganja nakiinua na mkasi nashika. Lakini nikikiinua hadi mwisho huku nikinyoosha vidole, vidole vinagoma, vinajikunja. Nikikishusha kidogo, vinanyooka. Mkono wangu wa pili, ambao haukuumia, unafanya vyote kwa pamoja. Nimeanza kukata tamaa.

Mtaalamu wa viungo: Pole sana ndugu, usikate tamaa. Hilo linatokana na kano yenyewe. Kano za kukunja kifundo cha mkono, ambazo ndizo huhamishiwa vidoleni, husogea kama sentimita 3 tu, na zile za kunyoosha vidole huhitaji kama 5. Kwa hiyo kifundo na vidole kunyooka hadi mwisho kwa wakati mmoja ni vigumu hata upasuaji ukienda vizuri. Pima kifundo kikiwa kimenyooka sawa na mkono: vidole vinanyooka vyote? Dole gumba linatoka nje? Ngumi inakaza bila kifundo kuanguka? Mimi hilo la ngumi nalipa uzito kuliko yote, maana kifundo kisipotulia, vidole havipati nguvu ya kushika. Nguvu ipimwe kwa kifaa kilekile kila mwezi.

Mama Wawili: Mimi nilifanyiwa pia. Mwanzoni niliambiwa niwaze kugeuza kiganja kitazame chini, maana kano iliyohamishwa ilikuwa ya kazi hiyo, na kweli, nikigeuza tu kifundo kikawa kinainuka chenyewe! Baadaye sikuhitaji tena kuwaza. Vifungo vya shati vilichelewa kuliko vyote. Ganzi nyuma ya dole gumba ninayo mpaka leo.

Mtaalamu wa viungo: Ndiyo dada, kano hurudisha mwendo, hisia hairudishi. Na wewe Cherehani, mwendo uliokuwepo ukipotea ghafla, au kiganja kikiinuka kwa kupinda upande wa dole gumba, mwone daktari aliyekupasua. Ukipotea ghafla usisubiri kliniki, huenda kano imeachia.

Cherehani: Asanteni mno. Nimeulaza mkono mezani sasa hivi, kifundo kimenyooka. Vidole vitatu vimenyooka kabisa, kidole kidogo kimebaki nyuma kidogo. Dole gumba limetoka nje.

Mtaalamu wa viungo: Hicho kidogo mwonyeshe anayekufanyisha mazoezi, bado kina muda.