Naomba ushauri: nimzoeeje mzee wa stoo?

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri wenu.

Nafanya kazi duka la vifaa vya ujenzi hapa Kariakoo. Mtunza stoo wetu ni mzee wa Kipemba, mtu wa maana sana kwangu: ndiye aliyenifundisha kuhesabu mzigo, kukagua ankara na kumjua mteja msumbufu kabla hajafungua mdomo. Tatizo, nje ya nondo na saruji simjui kabisa. Nikimuuliza habari za nyumbani ananijibu "wazima, alhamdulillahi", kalamu inarudi kwenye daftari. Nilimwalika soda baada ya kazi, akasema siku nyingine inshallah. Kinachomchangamsha ni bao tu. Akipita kijiweni mchana husimama, mikono nyuma, anamwonyesha mchezaji shimo kwa kidevu. (Mimi bao sijui, nacheza drafti.)

Ramadhani inakaribia. Mimi ni Mkristo, naishi Mbagala na mke wangu. Je, ni sawa kumkaribisha yeye na familia yake wafuturu kwetu, au nianze kwa kumpelekea tende na sukari? Na hilo bao, nikimwomba anifundishe, ataona najipendekeza?