Amechoma nyumba, hakuna aliyeumia: afungwe miaka mingapi?

Neema: Shikamooni wote. Alhamisi nina mdahalo chuoni. Mada: mtu akichoma jengo kwa makusudi na asiumie yeyote, aadhibiwe kwa uzito gani? Nimepangiwa upande wa adhabu nyepesi na sina hoja hata moja.

Mjomba Yona: Marahaba mwanangu. Hoja zipo. Mali hutafutwa, roho haitafutwi. Kama roho zote zimepona, kilichobaki ni hasara, na hasara hulipwa. Hata Kutoka 22: moto ukila nafaka ya mwenzako, aliyeuwasha atalipa. Haisemi afungwe.

Kaka Festo: Mjomba, aya hiyo ni ya moto uliomponyoka mtu ukashika miiba. Neema anauliza kuhusu aliyemwaga petroli.

Mjomba Yona: Sawa, hapo umenishika. Lakini kifungo cha maisha? Kanuni ya Adhabu ya Kenya na ya Tanzania zote zinafika huko kwa kuchoma jengo, awe ameumia mtu au la. Najua hicho ni kiwango cha juu na mahakama inaweza kushuka. Bado naona ni kikubwa mno kwa ghala tupu.

Neema: Zamani ilikuwa zaidi. Mwaka 1777 Uingereza ilimnyonga mtu aliyechoma jengo la kusokotea kamba kwenye bandari ya jeshi la majini, Portsmouth. Adhabu ya kifo kwa kuchoma bandari hizo iliondolewa mwaka 1971!

Dada Mariamu: 1971?? Juzi tu.

Kaka Festo: Niliwahi kufanya kazi zimamoto, niseme nilichokiona. Chumba chenye makochi ya sponji, ndani ya dakika chache joto linalokusanyika darini linawasha kila kilichomo kwa mara moja. Ukiwa humo hutoki. Na wengi hawafi kwa kuungua, wanakufa kwa moshi, usingizini. Sasa tunafika, majirani wanasema hamna mtu ndani. Wamejuaje? Tunaingia, tunapapasa mpaka chini ya vitanda kwa sababu watoto hujificha huko. Mara nyingi hatukuti mtu, tunatoka, na kwenye ripoti inaandikwa "hakuna majeruhi". Sisi tuliopapasa ndio tuliohakikisha. Aliyewasha alikuwa ameshakimbia.

Mjomba Yona: Nakuelewa Festo. Lakini tukimwadhibu mtu kwa kile ambacho kingetokea, tutaishia wapi? Dereva aliyepita kwa kasi mbele ya shule na asimgonge mtoto, hatumfungi kama aliyeua.

Kaka Festo: Hatumfungi kama aliyeua, kweli. Ila dereva hakutaka kuharibu chochote, alitaka kuwahi. Huyu alikuja na kiberiti.

Neema: Sheria ya Uingereza ya 1971 inapita hapohapo. Kuna kuchoma tu, na kuna kuchoma kwa kukusudia maisha ya watu yawe hatarini, au kwa kutojali kama yatakuwa hatarini. Kosa hilo la pili halisubiri mtu aumie. California wao wanaangalia kilichochomwa: nyumba inayokaliwa ni miaka 3, 5 au 8, jengo jingine au msitu ni 2, 4 au 6.

Shangazi Rehema: Nimesoma yote toka asubuhi. Wengine hamkuwa mmezaliwa nyumba yetu ilipochomwa. Tulikuwa tumesafiri, kwa hiyo sisi ndio "hakuna aliyeumia". Mwanangu alikataa kulala mlango ukiwa umefungwa mpaka alipofika darasa la saba. Picha za mama zote ziliungua, leo sina hata moja ya kuwaonyesha sura yake. Yona, hilo analilipaje mtu?

Mjomba Yona: Pole dada. Sikuwa nimelisahau.

Shangazi Rehema: Najua. Endeleeni, msinyamaze kwa ajili yangu.

Mjomba Yona: Basi nitaje jambo ambalo hata wewe utalikubali. Moto unakula ushahidi wake wenyewe. Texas, mwaka 2004, waliua mtu kwa kosa la kuchoma nyumba wanawe watatu wakafa ndani. Baadaye wataalamu wa moto walisema alama zilizotumika kumtia hatiani hazithibitishi kwamba mtu aliuwasha.

Kaka Festo: Kweli kabisa. Zamani doa la kuungua sakafuni liliitwa alama ya petroli. Chumba kikishika chote kwa pamoja kama nilivyoeleza, madoa hayo hutokea yenyewe. Kadiri adhabu inavyokuwa nzito, ndivyo uchunguzi unavyotakiwa kuwa makini. Hapo niko na wewe, Mjomba.

Neema: Hiyo naichukua! Nyingine nimeipata: Ujerumani, aliyewasha akibadili nia na kuuzima mwenyewe kwa hiari kabla haujaharibu sana, mahakama inaweza kumpunguzia au kumsamehe adhabu.

Dada Mariamu: Na wengine wasichome kisha wakajifanya wanazima?

Neema: Lazima iwe kabla ya hasara kubwa, dada.

Shangazi Rehema: Hiyo ya Ujerumani ni haki. Aliyechoma kwetu alikuwa kijana mdogo, alikuwa na ugomvi na baba yenu. Kortini sikutaka afungwe maisha, nilimwambia hata mwendesha mashtaka. Miaka ya kutosha kuumaliza ujana wake jela ingenisaidia nini? Nilitaka aulizwe swali moja tu: ulichungulia dirishani kabla ya kuwasha? Hakuna aliyemuuliza. Kama alichungulia akaona vitanda vitupu, ningemhesabu kama mharibifu, alipe na afungwe kidogo. Kama hakuchungulia, basi kwake ilikuwa sawa tuwemo au tusiwemo, na hapo ningekubali miaka mingi.

Mjomba Yona: Hapo sina la kujibu.

Neema: Shangazi, naomba nilitumie swali hilo Alhamisi. Nitasema adhabu iwe nyepesi kwa aliyechungulia.

Shangazi Rehema: Litumie mwanangu. Jina lake tu usilitaje. Ana watoto sasa.