Masomo saba, manane au tisa katika kidato cha tatu: nichague mangapi?

Binti wa Shela, Lamu

Assalamu alaikum wazee wangu, walimu na ndugu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule ya kutwa mjini Lamu, na nyumbani kwetu ni Shela. Wiki hii tumepewa fomu za kuchagua masomo tutakayokwenda nayo hadi mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, mwaka 2027. Sisi ndio kundi la mwisho la mfumo wa zamani wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo), kwani ndio tuliofanya KCPE, mtihani wa kumaliza msingi, ya mwisho mwaka 2023, na kwa sababu hiyo naogopa kukosea.

Fomu yataka masomo yasiyopungua saba wala kuzidi tisa. Kiingereza, Kiswahili na Hisabati ni ya lazima, na sayansi zisipungue mbili. Natamani kusomea shahada ya uuguzi. Katika mtihani wa mwisho wa muhula nilipata Dini ya Kiislamu 84, Kiswahili 78, Kiarabu 75, Baiolojia 69, Biashara 67, Kiingereza 66, Hisabati 55, Kemia 54 na Fizikia 49.

Dada zangu waliotangulia shuleni wananishauri nichukue yote tisa, kwa hoja kwamba katika kuhesabu alama ya mwisho yale mabaya huachwa nje, kwa hiyo kadiri masomo yanavyokuwa mengi ndivyo hatari inavyopungua. Baba yangu, ambaye huvusha abiria kwa mashua baina ya Shela na mjini, asema saba yatosha na yaliyobaki ni kujichosha. Mimi hwenda madrasa baada ya alasiri, hurudi magharibi, na baada ya isha hupata kama saa mbili za kusoma kabla ya kulala. Fomu itarudishwa Jumatatu. Naomba mwenye uzoefu anieleze hesabu hii inavyokwenda hasa, maana kila ninayemuuliza hunijibu kwa idadi tu bila sababu.

Mwalimu Mstaafu, Malindi

Wa alaikumu salaam, binti yangu. Nimefundisha Kemia kwa miaka mingi, na fomu kama hiyo yako nimezipokea kwa mamia. Dada zako hawakukosea, lakini wamekueleza nusu ya hesabu, na nusu waliyoiacha ndiyo inayokuhusu wewe zaidi.

Alama ya jumla hutokana na masomo saba. Tangu KCSE ya mwaka 2023, Hisabati huingia kwa lazima, lugha moja huingia kwa lazima, kisha huongezwa masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Kila somo lina pointi, A ikiwa 12 na E ikiwa 1, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 84. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni kwamba KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni, hawatazami jumla hiyo peke yake, bali huichanganya na pointi za masomo manne yanayohusiana na kozi unayoiomba. Kwa uuguzi masomo hayo ni Baiolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili, na kila moja linatakiwa lifike C+. Somo lililoachwa nje ya jumla halikuachwa nje ya masomo haya manne. Kemia yako ikianguka, hakuna Dini wala Biashara itakayosimama mahali pake.

Sasa tufanye mfano kwa makadirio yangu. Tuseme umechukua masomo manane bila Fizikia, ukapata Dini 11, Kiswahili 10, Kiingereza 9, Baiolojia 9, Kiarabu 9, Biashara 8, Hisabati 7 na Kemia 7. Jumla yako ni 63, nayo ni B, kwa sababu B huanzia 60 hadi 66. Ungechukua saba tu, ukaiacha na Biashara, jumla ingekuwa 62, ambayo ni B vilevile. Utaona kwamba somo la nane limekuongezea pointi moja tu, na huenda ukajiuliza lina faida gani. Faida yake huonekana siku mambo yanapoharibika. Chukulia umeamka na homa siku ya karatasi ya Kiingereza, ukapata 6 badala ya 9. Mwenye masomo saba atashuka hadi 59, yaani B-, kwa kuwa hana pa kukimbilia. Mwenye manane atabaki na 61, na B yake iko palepale. Hiyo ndiyo kazi ya somo la nane, na naiona kuwa kazi ya kutosha.

Somo la tisa ni jambo jingine. Kwako litakuwa Fizikia, nayo, kama Baiolojia na Kemia, ina karatasi tatu, ya tatu ikiwa ya vitendo katika maabara. Una saa mbili kila usiku, siku sita kwa juma, yaani saa 12. Ukigawa kwa masomo manane kila somo hupata dakika 90, na kwa tisa hupata 80. Dakika kumi zaonekana chache, ila masomo hayagawani sawa: Fizikia yenye 49 itadai muda zaidi ya fungu lake, na itauchukua kwa jirani zake wa karibu, Hisabati na Kemia, kwa sababu yote matatu husomwa kwa kufanya maswali na si kwa kukariri. Tuseme basi kwamba kwa sababu hiyo Baiolojia imekuwa 8, Hisabati 6 na Kemia 6, na Fizikia yenyewe ikapata 5. Jumla yako itakuwa 61. Cheti kitasoma B kama kilivyosoma katika mfano wa kwanza, na watu watakupongeza, lakini masomo yako manne ya uuguzi yatakuwa yameshuka kutoka pointi 33 hadi 30 kati ya 48, na mbaya zaidi, Hisabati na Kemia zitakuwa na C, chini ya kiwango kinachotakiwa. Nimewahi kuwaona watoto waliosimama mbele yangu na B mkononi wakilia, na wazazi wao hawakuelewa kilio kile kilitoka wapi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni masomo manane, na Fizikia iwe ndiyo uliyoiacha.

Kijana wa Barani, Malindi

Dada, nakubaliana na Mwalimu kuhusu idadi, na mimi ni shahidi wa jambo hilo. Nilifanya KCSE mwaka 2023 kwa masomo tisa. Tulipochagua, hesabu ilikuwa nyingine: lugha zote mbili na Hisabati, sayansi mbili, somo moja la jamii na moja la ziada. Kanuni ya sasa ikaja mwaka uleule wa mtihani wetu. Nilichukua tisa kwa sababu wenzangu watatu waliokuwa wakiongoza darasa walichukua tisa, na hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yangu yote. Elimu ya Kompyuta ilikuwa na mradi wa kukamilisha kabla ya mtihani, nami nikakesha juu ya mradi ule huku maswali ya Fizikia yakinirundikia. Kompyuta na Jiografia, masomo yangu mawili ya ziada, hayakuingia hata katika jumla. Fizikia nilipata C, na kozi niliyoitaka, ya upimaji wa ardhi, nikaikosa. Sasa niko mwaka wa pili nasomea kozi nyingine ambayo nimeizoea na kuipenda, lakini bado huzikumbuka zile saa za mradi.

Nisipokubaliana na Mwalimu ni pale anaposema Fizikia iachwe. Yeye mwenyewe amesema uuguzi wataka Hisabati au Fizikia. Hisabati yako ni 55, haiko mbali na hatari. Ukiwa na Fizikia una njia mbili za kulijaza pengo hilo, na ukiiacha unabaki na moja. Ningekuwa mimi ningeiacha Biashara, niende na manane yenye Fizikia. Tena ukibadili nia, ukataka uhandisi au kazi za bandarini, bila Fizikia utakuwa umejifungia mlango.

Mama wa Watoto Wawili, Malindi

Mwanangu, mimi si mwalimu, nasema kama mzazi. Kabla ya kuhesabu pointi, uliza kila somo linafundishwa na nani. Mwanangu wa kwanza alichagua somo zuri kwenye karatasi, na mwalimu wake akahamishwa muhula wa kwanza wa kidato cha tatu. Darasa lilikaa mihula miwili bila mtu. Nilimtafutia mwalimu wa pembeni, nikalipa, na bado hakuifikia silabasi yote. Zungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, si na mwalimu mkuu, wao ndio watakaokuambia ni vipindi vingapi huingiliwa kweli. Kwa sayansi uliza pia maabara hutumiwa mara ngapi, maana kuna mahali mtoto hushika bureti kwa mara ya kwanza karibu na mtihani.

Uulize vilevile kama ratiba inaruhusu, kwa kuwa shule nyingi huweka masomo mawili ya hiari katika saa moja na mwanafunzi hulazimika kuchagua mojawapo. Mdogo wake, aliye gredi ya 9, yeye hana mtihani huu: katika mfumo mpya atachagua masomo matatu tu juu ya yale ya lazima. Nyinyi wa mwisho mmebakiwa na mzigo wa kuchagua wenyewe, na Mungu awasahilishie.

Mwalimu Mstaafu, Malindi

Kijana wa Barani ameleta hoja nzuri, na ingekuwa Fizikia ya binti yetu ni 60 ningemuunga mkono bila kusita. Lakini Fizikia yenye 49 haiwezi kuikinga Hisabati yenye 55. Ngao haipaswi kuwa dhaifu kuliko kile inachokikinga. Zaidi ya hayo Hisabati haikwepeki: huingia katika jumla kwa lazima na huingia katika masomo manne, kwa hiyo saa moja iliyowekwa hapo hulipa mara mbili, ilhali saa ya Fizikia huenda isilipe hata mara moja. Ama hoja ya kubadili nia ni ya kweli, na hilo binti ajibu mwenyewe, kwa sababu hakuna mwalimu awezaye kumjibia. Akiwa na shaka yoyote kuhusu uhandisi, basi maneno yangu yote juu ya Fizikia ayatupe.

Niongeze jambo moja. Usajili wa KNEC, yaani baraza la mitihani, hufanywa mapema katika mwaka wa mtihani, kwa hiyo kupunguza somo katikati ya kidato cha tatu huwezekana shule ikikubali. Kuongeza somo uliloliacha ndiko kugumu, kwa kuwa wenzako watakuwa wamekwenda mbele. Na usisahau kwamba Ramadhani ya mwaka 2026 na ya 2027 zote zaangukia muhula wa kwanza, wakati silabasi inakwenda mbio.

Binti wa Shela, Lamu

Shukrani kwa mwalimu wangu, kaka yangu na mama yangu. Nilikaa na maneno yenu siku mbili, kisha nikawaendea wanafunzi wa kidato cha nne kama nilivyoelekezwa. Wamenieleza kwamba mwalimu wa Biashara yupo na huingia kila kipindi, kwamba Kiarabu kina mwalimu mmoja tu lakini wa siku nyingi, na kwamba vipindi vya vitendo vya Kemia hufanywa mara chache mpaka kidato cha nne. Hilo la mwisho limenitia hofu kuliko yote, na nimemuomba mwalimu wa Kemia aniruhusu kumsaidia kupanga vifaa vya maabara siku za Ijumaa jioni ili nivizoee. Amekubali.

Kuhusu uhandisi nimejiuliza kwa uaminifu, na jibu ni kwamba sijawahi kuutamani. Tangu nyanya yangu alipolazwa na nikakaa naye wodini kwa juma zima, nia yangu imekuwa moja. Fizikia nitaiacha, ingawa kaka wa Barani amenifanya nisite usiku mmoja mzima.

Nimejaza manane: Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Baiolojia, Kemia, Dini, Kiarabu na Biashara. Nilipomuonyesha baba hesabu ya homa siku ya Kiingereza, aliisoma mara mbili, akauliza kama ile B- ingenizuia nisiingie chuoni. Nikamwambia C+ ndiyo mpaka, kwa hiyo isingenizuia kuingia, ila ingenirudisha nyuma katika foleni ya wanaoomba kozi hiyohiyo. Akatia sahihi.

Lililobaki ni la madrasa. Kiarabu kina mtihani wa kuzungumza, na kwa hilo madrasa ni msaada kwangu, sitaki kuikata. Nimemuomba ustadhi anihamishie asubuhi za Jumamosi na Jumapili kuanzia mwezi wa kwanza, ili alasiri mbili za katikati ya juma niziweke kwa Hisabati. Amesema atanijibu baada ya swala ya Ijumaa, nami nitawajulisha hapa.